Kusomea tiba ya usemi na usikivu: mwongozo kwa aliyemaliza kidato cha sita na bado anasita

Mama mmoja aliniletea mtoto wa miaka mitatu na nusu ambaye hajawahi kutamka hata "mama". Kimeo kilikuwa kimekatwa. Udata nao ulikuwa umekatwa, kwa sababu jirani alisema ulimi umefungwa. Nikamkalisha mtoto mapajani kwa mama yake, nikapiga njuga nyuma ya sikio la kulia, kisha la kushoto, kisha nikagonga sufuria. Hakugeuka. Miaka mitatu yote ulimi wake ulisingiziwa, na tatizo lilikuwa masikioni.

Naanza na kisa hiki kwa sababu ndicho kinachoeleza kwa nini baadhi ya shahada za fani hii huunganisha mambo mawili. Odiolojia ni sayansi ya usikivu: kupima masikio, kuchagua na kurekebisha shimesikio (kifaa cha kuvaa sikioni cha kusaidia kusikia), kufuatilia watoto waliowekewa vipandikizi vya usikivu kwa upasuaji. Patholojia ya usemi na lugha hushughulikia matamshi, kigugumizi, sauti, lugha ya mtoto inayochelewa, lugha iliyopotea baada ya kiharusi, na jambo ambalo watu wengi hawalijui: kumeza. Mgonjwa anayepaliwa kila akinywa maji ni wa kwetu.

Na niseme mapema jambo ambalo mimi nililijua nikiwa nimechelewa. Fani hii utaisoma kwa Kiingereza, vitabu vyake karibu vyote ni vya Kiingereza, lakini kazi yenyewe, ukirudi, utaifanya kwa Kiswahili. Hakuna mhadhiri atakayekujengea daraja hilo. Utalijenga mwenyewe, na ni bora uanze mwaka wa kwanza kuliko kuanza siku ya kwanza kazini kama nilivyoanza mimi.

Hatua ya 1: Kakae kliniki kabla ya kujaza fomu

Usichague kozi kwa kusoma jina lake. Nenda hospitali ya rufaa yenye idara ya masikio, pua na koo, uulize kama wana chumba cha kupimia usikivu na kama kuna mtaalamu wa usemi. Andika barua fupi kwa uongozi: wewe ni nani, umemaliza wapi, unaomba kuangalia kazi kwa siku mbili au tatu. Ukikataliwa, nenda shule yenye kitengo cha viziwi au kituo cha watoto wenye mtindio wa ubongo na usonji. Vaa kwa heshima, acha simu mfukoni, usipige picha ya mgonjwa yeyote hata mama yake akikubali.

Ukiwa pale, angalia mikono ya mtaalamu kuliko mashine zake. Utaona kazi kubwa ni subira: kurudia neno "maji" mara arobaini kwa sauti ileile ya furaha, mbele ya mtoto anayekutupia mchemraba wa plastiki. Ukitoka hapo una usingizi na hasira, umeokoa miaka minne ya maisha yako. Ukitoka unajiuliza kwa nini yule mtoto aliweza kusema "pa" akashindwa "ka", jaza fomu.

Ajira? Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 kuhusu usikivu ilikadiria kuwa watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, na milioni 430 kati yao wanahitaji huduma ya utengamao. Ripoti hiyohiyo inaonyesha kwamba katika nchi za kipato cha chini, asilimia 93 zina chini ya mtaalamu mmoja wa odiolojia kwa kila watu milioni moja. Wahitaji wapo wa kutosha. Nafasi za kuajiriwa serikalini ni habari nyingine, hufunguka kidogokidogo, na nitakuwa muongo nikikuahidi kituo siku ya mahafali. Lakini tangu Muhimbili ianze kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017, badala ya kuwapeleka watoto wote India, kila mtoto anayetoka chumba cha upasuaji anahitaji miaka ya kufundishwa kusikia na kuongea. Kifaa bila mafunzo ni kelele tu kichwani mwake.

Hatua ya 2: Uliza cheti kitakuruhusu kufanya nini, na wapi

Hapa ndipo vijana wengi huteleza, maana jina la shahada linaweza kuwa lilelile na maana yake ikawa tofauti kabisa ukivuka mpaka.

Marekani, shahada ya kwanza ya fani hii haikupi kibali cha kutibu mtu. Ni maandalizi tu. Ili uwe mtaalamu wa usemi unatakiwa shahada ya uzamili, kwa kawaida miaka miwili zaidi, pamoja na saa 400 za kliniki, 25 za kutazama na 375 za kumhudumia mgonjwa mwenyewe. Kisha unafanya mtihani wa taifa na kipindi cha kazi chini ya uangalizi. Upande wa odiolojia ni udaktari wa taaluma, na kwa kawaida ni miaka minne baada ya shahada ya kwanza. Kwa hiyo ukiona tangazo la chuo cha Marekani linalokuita kusoma shahada ya kwanza ya sayansi ya mawasiliano, piga hesabu ya miaka sita hadi minane na ada yake. Nimekutana na kijana aliyerudi nyumbani na shahada yake nzuri ya Kimarekani akidhani amemaliza, kumbe kule alikotoka yeye asingeruhusiwa kumgusa mgonjwa.

Uingereza mambo ni kinyume. Shahada ya kwanza ya tiba ya usemi na lugha, iliyoidhinishwa, inakufikisha moja kwa moja kwenye usajili wa baraza lao la taaluma za afya, HCPC. Odiolojia ni shahada nyingine kabisa, chini ya sayansi za huduma za afya. Usidhani utapata zote mbili. Na kama unafikiria kusoma kwingine halafu uhamie huko baadaye, jua kuwa HCPC hudai kiwango cha juu cha Kiingereza kwa waombaji wa tiba ya usemi kuliko fani nyingine: alama 8.0 kwenye mtihani wa Kiingereza wa IELTS, na hakuna kipengele chini ya 7.5.

Afrika Kusini ni miaka minne, halafu mwaka mmoja wa lazima wa utumishi kwa jamii, ndipo usajili kamili wa HPCSA, baraza lao la taaluma za afya. Vyuo kama Cape Town na Wits hutenganisha shahada ya odiolojia na ya usemi, hivyo unaamua upande mapema. Ubora wao wa mafunzo siutilii shaka. Ila kumbuka wagonjwa wa Cape Town wanazungumza Kixhosa na Kiafrikana, nawe utatakiwa ujikongoje navyo.

India ndiko wengi wetu tulikopita. Shahada yao huunganisha odiolojia na usemi: miaka mitatu ya masomo na mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Taaluma inasimamiwa na baraza la taifa la utengamao lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kwa hiyo swali la kwanza kwa chuo chochote cha India ni moja tu: kozi yenu imeidhinishwa na baraza hilo? Wakala akikujibu kwa kukuonyesha picha za mabweni, funga mazungumzo. Taasisi inayotajwa zaidi iko Mysuru, ya serikali, na kliniki yake huona wagonjwa wengi mno. Faida ya India ni wingi huo wa wagonjwa. Hasara yake ni lugha: kliniki za Mysuru zinaongea Kikannada, na mwaka wa kwanza utakuwa unamtegemea mwenzako akutafsirie mgonjwa amesema nini.

Nyumbani, Makerere ilianzisha shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, ya kwanza Afrika Mashariki, na kati ya waliopita pale wapo wanaofanya kazi nje ya Uganda. Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina shahada inayounganisha usikivu na usemi. Kozi changa hufunguliwa na kusimamishwa kulingana na walimu waliopo, hivyo usitegemee maneno ya mtu, hata yangu: fungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, cha mwaka wako, utafute jina la kozi na sifa zake. Kwa aliyeko Kenya, pitia orodha ya KUCCPS, chombo cha huko kinachopangia wanafunzi vyuo, kwa namna hiyohiyo.

Ushauri wangu, kama umeniomba: ukipata nafasi nyumbani, chukua nyumbani. Utafanya mazoezi kwa Kiswahili kuanzia mgonjwa wa kwanza. Tulioenda mbali tulirudi na maarifa mazuri tukaanza kuyatafutia maneno.

Hatua ya 3: Masomo na maombi

Kwa Tanzania, PCB (fizikia, kemia na baiolojia) ndiyo njia iliyonyooka. Fizikia msiidharau, nitaeleza kwa nini. Mwenye stashahada ya afya naye ana mlango wake, asome sifa linganishi kwenye kitabu kilekile. Kwa anayekwenda nje, usiondoke bila kupitia TCU kupata barua ya kutokuwa na pingamizi, kwa sababu siku ukirudi, tume hiyohiyo ndiyo itakayotambua shahada yako.

Kwenye barua ya maombi usiandike "napenda kusaidia watu". Kila mwombaji anapenda. Andika ulichokiona siku zile za hatua ya kwanza.

Hatua ya 4: Fedha

Anayesoma Tanzania aombe mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, mapema, viambatisho vikiwa kamili. Wanaokosa kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa kisichohakikiwa ni wengi kupita kiasi. Zaidi ya ada, weka pembeni nauli ya kwenda vituo vya mazoezi, koti jeupe, tochi ndogo ya kuangalizia kinywa, na ukiweza kifaa chako mwenyewe cha kuangalia ndani ya sikio. Midoli ya kliniki usinunue. Vizibo vya soda, vikombe vya plastiki, kuku wa udongo, kanga ya kujifichia mchezo wa "yuko wapi?" vinatosha, na mama wa mtoto anavyo nyumbani, kwa hiyo atarudia mchezo huo bila wewe.

Hatua ya 5: Masomo matatu yanayoangusha watu mwaka wa kwanza

La kwanza ni fizikia ya sauti. Wanafunzi hukariri kwamba mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60, halafu hawajui desibeli ni nini. Desibeli ni uwiano, tena wa logarithi: ukiongeza 10, nguvu ya sauti imezidishwa mara kumi. Sufuri kwenye odiogramu, yaani mchoro wa matokeo ya kipimo cha usikivu, si ukimya. Ni kiwango hafifu ambacho kijana mwenye masikio mazima huanza kusikia. Ukielewa hayo, utaelewa pia ushauri rahisi tunaompa kila mzazi: sogea. Mahali pa wazi, kila umbali ukipungua kwa nusu, sauti yako inaongezeka desibeli 6 sikioni mwa mtoto, bure, bila betri.

La pili ni anatomia ya neva za kichwa. Jozi kumi na mbili, na karibu nusu yake zina kazi katika kuongea na kumeza. Zichore. Usizikariri kwa orodha. Chora uso wa mtu, upitishe kila neva hadi kwenye msuli wake, kisha umwambie mwenzako atoe ulimi, atabasamu, ameze mate, huku ukitaja neva inayofanya kazi. Tulikuwa tukifanya hivyo kwenye foleni ya chakula, watu wakituona vichaa.

La tatu, fonetiki, yaani elimu ya sauti za lugha. Hapa Mswahili ana mtaji asioujua. Ukiulizwa sauti ya kwanza ya neno la Kiingereza linalomaanisha "hii", wenzako kutoka lugha nyingine watahangaika, wewe unayo: ni dh ya "dhahabu". Ya "thamani" unayo. Ng' ya "ng'ombe" unayo mwanzoni mwa neno, mahali ambapo Mwingereza mwenyewe hawezi kuiweka. Jifunze alama za Alfabeti ya Kifonetiki ya Kimataifa kwa kuandika majina ya ukoo wako wote, kisha methali, kisha mabishano ya kwenye daladala. Baada ya mwezi mmoja mkono utaenda wenyewe.

Hatua ya 6: Fungua daftari la Kiswahili

Hatua hii haipo kwenye mtaala wa chuo chochote nilichowahi kusikia, na kwangu mimi ndiyo yenye thamani kuliko zote. Nunua daftari kubwa, la kurasa mia mbili. Kila mada unayofundishwa kwa Kiingereza, jiulize: kwa Kiswahili hii inakuwaje? Nitakupa mifano ya kuanzia.

Maneno ya kupimia usikivu. Kitabu kitakufundisha kumpima mtu kwa maneno ya silabi moja. Kiingereza kinayo maelfu. Sasa jaribu kutaja nomino ishirini za Kiswahili zenye silabi moja zinazojulikana na mtoto wa darasa la kwanza. Hupati. Lugha yetu inapenda silabi mbili, wazi, mkazo ukikaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: meza, kuku, ndizi, paka. Kwa hiyo orodha za Kiingereza hazitafsiriki. Lazima zijengwe upya, na ukishafika mwaka wa mwisho ukatafuta mada ya utafiti, mada hiyo inakusubiri. Bahati nzuri, zile sauti sita za Ling zinazotumika kila siku kuhakiki kama kifaa cha mtoto kinafanya kazi, yaani a, i, u, m, s na sh, zote ni zetu. Unasimama nyuma ya mtoto, unafunika mdomo, unataja moja moja, naye anarudia. Akisikia u akakosa s, sauti nyembamba hazimfikii.

Urefu wa sentensi. Utafundishwa kupima ukuaji wa lugha ya mtoto kwa kuhesabu maneno au mofimu, vile vipande vidogo vya neno vyenye maana. Mtoto wa Kiswahili akimwambia mwenzake "Sitakupa!" ametamka neno moja. Lihesabu: si-ta-ku-p-a. Kuna ukanushi, mtenda, wakati ujao, mtendewa, mzizi na kiishio. Ukihesabu maneno, mtoto huyo ataonekana yuko nyuma. Ukihesabu mofimu kwa kufuata kanuni za Kiingereza, ataonekana ni gwiji. Mtafiti Kamil Ud Deen alifuatilia watoto wa Nairobi na kuchunguza namna wanavyodondosha viambishi vya mwanzo wa kitenzi wanapoanza kuongea. Ni kazi ambayo ningetamani kila mwanafunzi wetu aisome kabla hajashika kipimo cha kigeni. Wewe nyumbani rekodi daftarini wadogo zako, kwa ruhusa ya wazazi: umri, miezi, na alichosema vilevile kilivyo. Nani anasema "toto" akimaanisha mtoto, nani ameanza kusema "vitoto", nani bado anasema "kitabu yangu" na kama mama yake pia husema hivyo.

Lafudhi na kasoro. Mtu mzima akisema "habali ya asubui", ana tatizo la usemi? Hana. Ana lugha ya kwanza isiyotofautisha r na l. Wengi wa bara husema "zahabu" na "samani" na wanaelewana vizuri sokoni. Mzaliwa wa Mombasa kwa upande wake anasikia tofauti ya mpumuo kati ya paa la nyumba na paa wa porini, tofauti ambayo sikio langu la bara ilibidi lifundishwe. Kazi yako ni kujua mtoto huyu anatamka tofauti na nani. Akitofautiana na kitabu, muache. Akitofautiana na ndugu zake wanaokula naye sinia moja, mwangalie. Kosa la kuita lafudhi ugonjwa linawaumiza zaidi watoto wetu walioko ughaibuni: mtoto wa familia ya Kikongo aliyehamia Marekani, anayeongea Kiswahili nyumbani, hupimwa kwa picha za mtu wa theluji na kibaniko cha mkate, halafu akaandikwa kuwa ana upungufu wa lugha. Mtaalamu anayejua Kiswahili huko anatafutwa, hata kama hakuna tangazo.

Salamu. Hili sikulisoma popote. Mzee aliyepata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo hawezi kutaja kikombe wala jina la mwanawe, lakini ukimwamkia "Shikamoo" anakujibu "Marahaba" safi kabisa. "Habari za asubuhi?" Nzuri. "Za hapa?" Salama. Familia inasema, daktari, mbona anaongea! Maneno ya kuzoeleka, kama salamu, sala, kuhesabu moja hadi kumi na majina ya siku, mara nyingi hubaki hata lugha ya kujieleza ikiwa imepotea. Na kwa kuwa salamu zetu ni ndefu, mgonjwa wetu anaweza kujificha ndani yake kwa dakika nzima. Usiandike kwenye faili kwamba anaongea vizuri hadi umemuuliza kitu kisicho na jibu la kukariri: "Jana ulikula nini?" Hapo ndipo ukimya unapoanza. Baadaye salamu hizohizo zinakuwa ngazi ya tiba, kwa sababu sauti ikishatoka kwenye "marahaba" una mahali pa kuanzia.

Uji. Mfumo wa kimataifa wa vyakula kwa wenye shida ya kumeza una ngazi kuanzia 0 hadi 7, na vinywaji vinapimwa kwa bomba la sindano la mililita 10: unajaza, unaziba kwa kidole, unaachia sekunde 10, unatazama kimebaki kiasi gani. Chini ya mililita moja ikibaki, hicho ni chepesi kama maji. Ikibaki kati ya 4 na 8, ni ngazi ya 2. Sijaona aliyeandika uji wa ulezi, uji wa muhogo na mtori viko ngazi gani, kwa sababu kila jiko lina mkono wake. Pima wa kwenu. Andika vijiko vingapi vya unga kwa kikombe. Kitu cha dukani cha kufanya maji yawe mazito ni ghali, na mama akiondoka kwako na kipimo cha uji anachoweza kukipika leo jioni, umemtibu.

Hatua ya 7: Kliniki

Saa za kliniki zinahesabiwa moja moja na kila moja inahitaji sahihi. Msimamizi akisema "nitasaini wiki ijayo", rudi na kalamu kesho. Nilipoteza saa kumi na tisa hivyo, msimamizi akahama, nikazirudia zote.

Mzazi muite kwa jina la mwanawe, Mama Asha, Baba Juma, na mzee muamkie kabla hujafungua faili. Neno "bubu" liondoke kinywani mwako kabisa. Mzazi atakuja nalo. Wewe sema "bado hajaanza kuongea" na utaona baada ya wiki kadhaa naye anasema hivyohivyo. Usimkemee mzazi aliyempeleka mtoto kukatwa kimeo. Alitumia fedha na akalia na mtoto wake akiamini anamsaidia. Mweleze kwa kioo na tochi ulimi unafanyaje kazi, amtazame mwanawe akiunyoosha hadi kwenye mdomo wa chini. Mwenyewe ataona haukuwa umefungwa.

Kuhusu viziwi na lugha ya alama: jifunze angalau salamu, namba na maswali ya msingi ya Lugha ya Alama ya Tanzania, au ya Kenya kama uko huko, maana ni lugha mbili tofauti. Baadhi ya walimu wa zamani katika fani yetu waliwaambia wazazi kwamba ishara humzuia mtoto kuongea. Sikubaliani nao. Mtoto aliyefikishwa kwetu na miaka sita bila lugha yoyote, hana muda wa kusubiri sisi tumalize ubishi.

Hatua ya 8: Mwaka wa mwisho, na karatasi

Amua upande unaoegemea, hata kama shahada ni ya zote mbili. Anayependa mashine na majibu yenye namba atafurahia odiolojia. Anayevumilia mabadiliko ya milimita moja kwa mwezi aende kwenye usemi. Mimi nilidhani ni wa mashine. Sikuwa.

Kabla hujaondoka chuoni, hasa kama ni nje, chukua vitu vitatu vyenye mhuri: matokeo yote kwa muhula, maelezo kamili ya kila somo, na jedwali la saa za kliniki likionyesha aina za wagonjwa na umri wao. Mhitimu hukumbuka cheti, akasahau hivyo viwili vya mwisho. Ndivyo vitakavyotakiwa na TCU wakati wa kuitambua shahada, na mamlaka ya usajili ikitaka kujua kama uliwahi kumwona mgonjwa wa kumeza au ulisoma kwenye kitabu tu. Kuviagiza kutoka bara jingine ukiwa umesharudi, kwa barua pepe zisizojibiwa na ofisi isiyokukumbuka, kulinichukua mimi miezi saba. Toa nakala tatu za kila moja, moja mwachie mama nyumbani.